Rachel Carson: Mwanasayansi aliyefichwa saratani yake mwenyewe

Aprili 1960, mwanamke wa miaka 52 aliamka katika hospitali moja ya Washington akiwa ameondolewa titi la kushoto. Hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Alikuwa na shahada ya uzamili katika zoolojia, vitabu vyake vilikuwa vimesomwa dunia nzima, na wakati huo huo alikuwa akiandika kitabu ambacho sura zake mbili nzima zilihusu saratani na kemikali. Alimuuliza daktari moja kwa moja: hii ni saratani? Akajibiwa kwamba si saratani, ni hali tu iliyokaribia kuwa saratani. Matibabu mengine hayahitajiki. Aende nyumbani apumzike.

Haikuwa kweli. Ilimchukua miezi minane kuujua ukweli, na kufikia hapo ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Mwanamke huyo aliitwa Rachel Carson. Kama uliwahi kuwa kwenye klabu ya mazingira shuleni, huenda unalikumbuka jina lake pale kwenye mambo ya DDT na ndege waliokufa. Mimi pia nilimjua hivyo tu. Nilianza kumsoma upya mwaka ule shangazi yangu alipogundua uvimbe kwenye titi.

Shangazi anaishi Gatina, Kawangware, na anauza nguo za watoto soko la Toi, pale Kibera inapoanzia. Uvimbe aliugusa akioga. Ulikuwa mdogo kama punje ya hindi, na haukuuma. Kwa kuwa haukuuma, akauacha. Si yeye peke yake afikiriaye hivyo. Mtaani maumivu ndiyo kengele ya kwenda hospitali, na saratani ya titi mara nyingi haipigi kengele hiyo mwanzoni. Alipokwenda kwenye kliniki moja ya mtaani (jina nalihifadhi), akapewa dawa za kuua bakteria. Zikaisha, akapewa nyingine. Mara ya tatu akaambiwa ni maziwa yameganda. Jamani, mtoto wake wa mwisho alikuwa kidato cha pili.

Nitarudi kwa shangazi. Kwanza tuende Springdale.

Rachel Louise Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, kando ya mto Allegheny. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vinne na haikuwa na mfereji wa maji ndani. Baba, Robert, alikuwa mtu wa mipango mingi isiyolipa. Mama, Maria, aliwahi kuwa mwalimu kabla ya kuolewa, na ndiye aliyekuwa akimtembeza binti yake msituni kumwonyesha ndege na wadudu. Rachel alikuwa kitinda mimba, mtoto wa vitabu. Akiwa na miaka 11 tu gazeti moja maarufu la watoto lilichapisha hadithi yake kuhusu rubani wa vita.

Hapa kuna jambo ambalo Mkenya atalipenda. Springdale iko karibu na Pittsburgh, na Rachel alisoma chuo cha wanawake mjini humo. Mwaka 1964, mwaka ule ule aliofariki, msichana kutoka Nyeri aliyekuwa amemaliza shahada ya biolojia Kansas aliingia Chuo Kikuu cha Pittsburgh kusomea uzamili. Tunamjua kama Profesa Wangari Maathai. Hawakuwahi kukutana. Wangari naye alichukuliwa na saratani, ya ovari, hapa Nairobi mnamo Septemba 2011.

Karo ya chuo ilikuwa shida. Mama alifundisha piano na kuuza vyombo vya nyumbani, familia ikauza vipande vya ardhi. Rachel alianza na masomo ya Kiingereza kwa kuwa alitaka kuwa mwandishi, lakini mwalimu wake wa biolojia, Mary Scott Skinker, akamwasha moto mwingine. Akabadilisha kozi katikati ya safari. Wengi walimwona amepotea. Wakati ule mwanamke mwanasayansi hakuwa na mlango wa kuingilia. Alihitimu mwaka 1929, kiangazi hicho akaenda kwenye kituo cha utafiti wa bahari cha Woods Hole, na hapo ndipo alipoiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka 1932 akapata uzamili Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alitaka kuendelea na uzamifu. Hakuweza.

Sababu utaielewa kama wewe ndiye wa kwanza kupata kazi kwenu. Uchumi ulikuwa umeporomoka, wazazi wake walikuwa wamehamia kwake, na dada yake aliyeachana na mume alikuja na watoto wawili. Baba akafariki mwaka 1935. Rachel akaacha masomo akatafuta kazi. Idara ya serikali ya uvuvi ilimpa kibarua cha kuandika vipindi vifupi vya redio kuhusu samaki, kisha mwaka 1936 akafanya mtihani wa kuajiriwa serikalini na kupata kazi ya kudumu kama mwanabiolojia, mmoja wa wanawake wa kwanza katika idara hiyo kuajiriwa kwa kazi ya kitaalamu. Mwaka uliofuata dada yake akafariki. Wale wasichana wawili wakawa wake, yeye na mama yake. Mchana alikuwa ofisini, jioni anapika na kuangalia masomo ya watoto, usiku anaandika.

Kitabu chake cha kwanza, cha maisha ya viumbe wa baharini, kilitoka Novemba 1941. Mwezi mmoja baadaye Japani ikashambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, na nani tena angenunua kitabu cha samaki? Kikafa. Ilimchukua miaka kumi kurudi. Mwaka 1951 akatoa The Sea Around Us, na hicho kilikuwa moto wa kuotea mbali: kilikaa kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi kwa wiki 86, kikashinda Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu. Mwaka 1952 akaacha kazi ya serikali, akajenga nyumba ndogo kwenye pwani ya Maine, akawa mwandishi wa kujitegemea.

Katikati ya shangwe hiyo kuna tukio ambalo wasifu mfupi hulipita. Mwaka 1950, wakati The Sea Around Us inaandaliwa, alitolewa uvimbe kwenye titi. Akaambiwa hauna dalili ya ugonjwa mbaya. Huenda ilikuwa kweli kabisa. Ila ilimaanisha kwamba mwaka 1960, walipomkuta na uvimbe titi lile lile, hakuwa mgeni wa jambo hili. Alikuwa na historia, na aliyemtibu alipaswa kuongea naye kama mtu mwenye historia.

Miaka ya mwisho ya hamsini ilimpiga pande zote. Mwaka 1957 Marjorie, mmoja wa wale wasichana aliowalea, alifariki na kuacha mtoto wa kiume wa miaka mitano, Roger. Rachel, akikaribia miaka 50, bila mume, akamchukua na kumfanya mwanawe kisheria. Mwishoni mwa 1958 mama yake naye akafa. Na mwanzoni mwa mwaka huo ndipo ilipofika barua kutoka kwa rafiki wa Massachusetts, Olga Huckins, akilalamika kwamba ndege ya serikali ilipita ikinyunyiza dawa ya mbu, na baada ya hapo ndege wa porini wakaanza kufa kwenye bustani yake.

DDT ilikuwa imetumika vitani kuua chawa na mbu, kisha mwaka 1945 ikaanza kuuzwa kwa kila mtu. Ilikuwa bei rahisi na ilionekana haina madhara. Carson akakusanya ushahidi kwa miaka minne. Mfano wake mmoja hausahauliki: miti ilinyunyiziwa dawa kuua wadudu, majani yakaanguka, minyoo wa ardhini wakayala, ndege wakala minyoo, wakafa. Hakuna aliyewalenga ndege. Sumu ilijitembeza yenyewe kwenye mnyororo wa chakula. Hoja yake kubwa haikuwa ya kemia bali ya haki: watu wanaonyunyiziwa kitu juu ya vichwa vyao wana haki ya kuambiwa ni kitu gani.

Na huyo ndiye mtu aliyefichwa.

Sasa tuwe waadilifu kidogo. Daktari yule hakuwa wa ajabu kwa zama zake. Mwaka 1961 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa kwenye hospitali moja ya Chicago: karibu madaktari 9 kati ya 10 walisema wangependelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Waliamini ukweli unaua haraka kuliko ugonjwa. Mara nyingi aliyeambiwa alikuwa mume. Carson hakuwa na mume. Hata upasuaji wenyewe ulikuwa na utaratibu wake: mwanamke alilazwa usingizi kwa ajili ya kuchukuliwa kinyama cha kupimwa, na kama kipimo hakikupendeza, titi liliondolewa papo hapo. Alilala akiwa na swali, akaamka na bandeji.

Basi akaenda nyumbani. Hakupewa tiba ya mionzi wala ufuatiliaji wowote wa maana. Akarudi kwenye meza yake ya kuandikia. Mwishoni mwa mwaka akagusa kitu kigumu karibu na mbavu, upande ule ule. Safari hii hakukubali kupapaswa kichwa. Alimwandikia George Crile, daktari wa upasuaji wa Cleveland aliyemfahamu, na akafunga safari kwenda kumwona. Crile alimwambia kila kitu: kwamba ilikuwa saratani tangu Aprili, kwamba imesambaa, na kwamba kuna haya na haya yanayoweza kujaribiwa. Carson alimwandikia barua ya kumshukuru kwa kumheshimu kiasi cha kuamini kwamba akili na moyo wake vinaweza kuubeba ukweli. Soma tena hapo: amepewa habari mbaya kuliko zote, naye anashukuru.

Je, ile miezi minane ingemwokoa? Hakuna anayeweza kuapa. Tiba za 1960 zilikuwa dhaifu. Lakini uamuzi haukuwa wa daktari peke yake. Kama angejua Aprili, angeanza mionzi Aprili. Angepanga kazi yake. Angepanga habari za Roger. Hayo yote aliyafanya baadaye, kwa haraka, huku mwili ukimwishia.

Sasa turudi Kawangware.

Kulingana na makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, karibu wanawake 6,800 walipatikana na saratani ya titi Kenya mwaka 2020. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Kenya, na wengi hugunduliwa wakati imeshapiga hatua. Hapa kwetu si lazima daktari adanganye ndipo mgonjwa apoteze miezi. Inatosha kliniki isiyo na mashine. Inatosha duka la dawa linalouza vidonge bila kuuliza. Inatosha barua ya kutumwa Mbagathi au Kenyatta ambayo haikuandikwa, au iliandikwa lakini nauli ikaenda kwa unga. Shangazi alipoteza miezi saba bila mtu yeyote kumwambia uongo wa makusudi. Hakuna aliyetamka neno biopsi, yaani kutoa kinyama kidogo na kukipeleka maabara, ambayo ndiyo njia ya kujua kwa hakika kama uvimbe ni saratani au la. Kidole cha daktari hakijui. Hata picha peke yake haitoshi.

Kitu ambacho Carson hakuwa nacho, na shangazi anacho, ni sheria. Tofauti ni kwamba Carson alijua cha kuuliza.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Sawa, hiyo ni lugha kubwa na mtaani watu huicheka. Iliyo karibu na ardhi ni Sheria ya Afya ya 2017. Kipengele cha 8 kinamlazimu anayekuhudumia akueleze hali yako ya kiafya, vipimo na matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba unaweza kukataa. Zaidi ya hayo, anapaswa kukueleza kwa lugha unayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chako cha kusoma. Kwa hivyo mama wa Laini Saba anayepewa karatasi ya Kiingereza na kuambiwa aende, hajahudumiwa nusu. Amenyimwa kitu ambacho sheria imempa. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unaongeza haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili, ile ile safari ya Cleveland aliyofunga Carson. Na ripoti zako ni habari zako: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona. Omba nakala. Ipige picha kwa simu kabla haijapotea kwenye mfuko wa nailoni.

Lakini kuna mlango wa nyuma kwenye sheria hiyo, na sitakuficha. Kipengele hicho hicho cha 8 kinamruhusu mhudumu kutokueleza hali yako ikiwa kuna ushahidi wa kutosha kwamba kujua kutakuumiza. Ndio mwanya ule ule alioanguka Carson, ila sasa umewekewa sharti la ushahidi. Mimi nauona bado ni mpana mno. Uamuzi unabaki kwa yule aliyevaa koti jeupe, na mgonjwa hawezi kupinga kitu ambacho hajui kipo.

Ukiona umepuuzwa, sheria hiyo inakupa pia haki ya kulalamika na malalamiko yako kuchunguzwa. Baraza la madaktari, KMPDC, liko huko karibu na barabara ya Lenana, na ukitoka Kawangware au Kibera unaweza hata kutembea ukafika. Kumbuka tu kwamba kliniki nyingi za mtaani zinaendeshwa na maafisa wa kliniki au wauguzi, na hao wana mabaraza yao tofauti. Uliza jina na cheo cha aliyekuhudumia, uandike. Kama ni kesi ya fidia mahakamani, usilale: madai ya uzembe dhidi ya mtu au hospitali binafsi yana muda wa miaka 3, na dhidi ya Serikali ni miezi 12. Mahakama inaweza kuongeza muda kwa mtu ambaye hakuweza kujua alichofanyiwa, lakini usiweke roho yako hapo. Muone wakili mapema.

Na wale wanaoogopa kwenda hospitali kwa hofu ya kufungiwa kwa sababu ya bili, mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuzuiliwa kwa wanawake wawili katika hospitali ya Pumwani kwa kukosa kulipa kulivunja haki zao. Jambo bado linatokea, tunaliona kwenye habari. Ila ukizuiliwa, ujue si wewe uliyevunja sheria.

Shangazi alifika Kenyatta mwezi wa nane tangu augundue uvimbe. Nilikwenda naye. Matokeo yalipotoka tulipewa yakiwa yamekunjwa, na nikayasoma kwenye matatu ya 46 kabla daktari yeyote hajatueleza, jambo ambalo sitamshauri mtu alifanye. Tulipomwona daktari wiki iliyofuata, shangazi alikuwa ameandika maswali sita nyuma ya risiti ya M-Pesa. Daktari, msichana mdogo tu, akavuta kiti, akayajibu yote sita kwa Kiswahili, moja moja. Ilikuwa hatua ya tatu. Kemo ilianza mwezi uliofuata. Meza ya Toi niliishika mimi Jumamosi, na kusema kweli niliuza vibaya.

Carson, kwa upande wake, alifanya kitu cha ajabu alipoujua ukweli: naye aliuficha. Si kwake mwenyewe, kwa umma. Kitabu chake Silent Spring kilianza kutoka kwa sehemu kwenye jarida la The New Yorker mnamo Juni 1962, kikatoka kamili Septemba. Kampuni za kemikali zilimshukia. Moja ilitishia kwenda mahakamani kuzuia kitabu. Wengine walimwita mwanamke wa hisia nyingi, mpenda paka, asiye na uzazi anayejisumbua na vizazi vijavyo. Fikiria kama wangejua kwamba mwandishi wa kitabu kinachohusisha kemikali na saratani ana saratani. Wangesema ana kinyongo, anatafuta wa kumlaumu. Basi akawaapisha marafiki wachache waliojua wanyamaze. Mionzi ilimng'oa nywele, akavaa wigi. Mifupa ilipoanza kuuma akasema ni baridi yabisi.

Hivyo ndivyo watazamaji wa televisheni ya CBS walivyomwona Aprili 1963: mwanamke mtulivu, amekaa, anaeleza hoja zake pole pole, huku mpinzani wake kutoka kampuni za kemikali akinguruma kwa koti jeupe la maabara. Mamilioni walitazama. Mwezi uliofuata kamati ya washauri wa sayansi wa Rais Kennedy ikatoa ripoti iliyomuunga mkono kwa mengi. Tarehe 4 Juni akafika mbele ya kamati ya Seneti na kuwaambia kwamba raia ana haki ya kuwa salama nyumbani mwake dhidi ya sumu zinazomwagwa na watu wengine. Hakuna seneta aliyejua kwamba anayeongea ana saratani mifupani.

Wapo wanaomlaumu hadi leo, kwamba kwa kuisema vibaya DDT aliwaua watoto wa Afrika kwa malaria. Ni maneno ya kurudiwa tu. Carson hakudai dawa zote zipigwe marufuku. Alionya kwamba ukinyunyiza ovyo mashambani, mbu watazoea dawa, na siku ya kuihitaji haitafanya kazi. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm unaruhusu DDT hadi leo kwa vita dhidi ya malaria. Marekani iliizuia mashambani mwaka 1972, miaka minane baada ya yeye kufa.

Alifariki tarehe 14 Aprili 1964 nyumbani kwake Silver Spring, Maryland, akiwa na miaka 56. Roger alikuwa na miaka 12. Alichukuliwa kulelewa na familia ya Paul Brooks, mhariri wa vitabu vya Carson. Umma ulikuja kuijua hadithi kamili ya ugonjwa wake miaka mingi baadaye, hasa mwaka 1995 zilipochapishwa barua alizoandikiana na rafiki yake wa Maine, Dorothy Freeman.

Alikuwa ameacha maagizo kuhusu mwili wake. Alitaka uchomwe, ibada iwe ndogo, na majivu yatawanywe pwani ya Maine kwenye miamba aliyopenda kukaa. Kaka yake alikuwa na mawazo mengine. Akaandaa mazishi makubwa kwenye kanisa kuu la Washington, na sehemu ya majivu akaizika Maryland kando ya kaburi la mama yao. Sehemu iliyobaki ilitumwa kwa Dorothy, na yeye akaipeleka Newagen, kwenye mawe yale, akaiachia bahari.